Daftari la Malori Mawili

Januari, mezani jikoni. Kipimajoto cha dirishani
kimeshuka mpaka kimechoka kushuka.
Arlo amevua buti moja, la pili amelisahau mguuni.
Mbele yetu karatasi mbili:
bei ya lori jipya, kutoka kwa muuzaji wa Fargo,
na gharama ya kuifumua na kuisuka upya injini ya lile la zamani,
la mwaka tisini na tano, silinda sita,
maili milioni moja na kitu. Hicho kitu hatukijui,
mita ilikufa tukiwa njiani kutoka Minot.

Mimi nina daftari. Yeye ana masikio.
La zamani nalisikia, anasema. Likikohoa najua ni wapi,
kama mama ajuavyo kilio cha njaa na kilio cha usingizi.
Spana, nyundo, tochi mdomoni,
saa mbili kando ya barabara, safari inaendelea.
Jipya halikohoi. Linawasha taa.

Na taa hiyo tuliiona kwenye lori la Verlyn,
msimu wa viazisukari, usiku wa Oktoba,
foleni ya kiwandani maili nzima:
njano, kisha nyekundu, kisha lori lenyewe,
na tani zote zile mgongoni,
likaamua kwenda mwendo wa kusindikiza jeneza.
Sensa moja! Ndogo kama kizibo cha soda.
Siku nne akingoja spea, dola elfu tatu na mia mbili,
na viazi vikaganda kwenye tela, kiwanda kikavikataa.

Kipya kinyemi, nilimtania.
Akamalizia mwenyewe: ingawa kidonda.

Naandika: urea, dumu kwa dumu,
maji ya bei, yanayoganda
kabla baridi ya kwetu haijaanza kuitwa baridi.
Naandika: kichujio kujichoma, nusu saa,
lori limesimama, linanguruma, linajilamba masizi kama paka.
Naandika upande wa pili: mafuta, jipya linakula kidogo.
Si kidogo sana.

Kuna ukurasa ambao Arlo haufunui.
Miaka ishirini na tisa nafua mapazia ya mashariki,
upande anaoliwashia alfajiri na kuliacha lipate moto.
Maji yanatoka kama chai ya mkandaa.
Theluji ya uani ina mstari mweusi
kuanzia bomba la moshi hadi dirisha la chumba
alicholala baba yake, Sigvald,
aliyeliendesha kabla yetu, na aliyekohoa miaka sita.
Daktari alitaja sigara.
Mzee hakuwahi kuvuta hata moja.
Kikohozi cha lori mwanawe alijua ni wapi.
Kile cha ndani ya nyumba, tulikiongezea blanketi.

Juzi alikuja Duane na kompyuta yake kwapani.
Nunueni jipya, akasema, mimi nitaling'oa kichujio,
ubongo wa injini nitaudanganya, litavuta kama la zamani,
nani atajua?
Mapazia, nikamjibu.
Akacheka peke yake, akanywa kahawa, akaondoka.

Sasa Arlo anazikunja karatasi, anazikunjua.
Kesho kuna mzigo wa alizeti, na lori lililopo ndilo lililopo.
Anatoka kulichomeka waya wa kupashia injini,
buti moja, soksi moja, juu ya barafu,
mwanamume wa miaka sitini na mbili!
Naandika: umeme wa usiku mmoja.
Namwona kupitia kioo, ameweka kiganja juu ya boneti,
amekiacha pale kuliko kazi inavyotaka.

Anarudi, soksi imekakamaa.
Mpigie yule wa Fargo, anasema,
muulize kama anapokea la zamani kupunguza bei.
Nanyoosha mkono kwenye simu.
Ngoja, anasema.
Ngoja kwanza nitoke na hizi alizeti.